Msitu alfajiri, bahari saa nne: namna ya kupanga safari ya siku moja kutoka Malindi

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mtaa wa Shela, na kwa miaka mingi msitu wa Arabuko-Sokoke kwangu ulikuwa ukuta wa kijani upande wa kulia wa matatu, nikienda Mombasa. Jina nililijua. Nilijua pia kwamba mna ndovu ndani. Lakini kuingia, sikuwahi, mpaka mwaka juzi nilipolipia safari ya kundi: msitu asubuhi, ufuo wa Watamu jioni, chakula cha mchana katikati.

Tulikuwa kumi na wanne kwenye gari moja. Tuliambiwa tuondoke saa mbili, tukazunguka kuwachukua watu mahotelini hadi saa nne, na msituni tukaingia saa tano, jua liko utosini. Ndege wamenyamaza, hakuna hata jani linalotikisika. Aliyetuongoza alikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Watamu tulifika saa kumi jioni na hapakuwa na ufuo wa kutembea. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye jabali, mawimbi yanapiga mwamba, na mchanga tulioonyeshwa kwenye picha ulikuwa chini ya bahari. Tulisimama kwenye ngazi tukaitazama bahari kwa juu, kisha tukarudi nyumbani.

Mama yangu alizaliwa Mayungu, binti wa mvuvi. Nilipomsimulia hakuniuliza habari za gari wala za chakula. Aliniuliza, “Mlikwenda mwezi ngapi?” Nikahesabu siku tangu mwezi kuandama, nikamwambia kumi na tano. Akasema, “Mwanangu, bamvua saa kumi jioni, ufuo mtauona wapi?”

Makala hii nzima imetoka kwenye swali lile la mama.

Sisi watu wa pwani tunaijua elimu hii lakini tukigeuka watalii kwetu wenyewe tunaiacha nyumbani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari huingia bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya nyakati hizo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Hayo kila mtu ameyasikia. Ambalo wengi hawaliangalii ni saa. Huku kwetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika hamsini. Siku za maji mafu mambo hupinduka: saa nne asubuhi ndipo yamejaa. Tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua inaweza kukaribia mita nne. Kwa hiyo ukisimama mahali pale pale, kwenye ufuo ule ule, unaweza kuona mbuga ya mchanga na miamba ya kutembea nusu saa, au usione kitu ila maji.

Sasa linganisha na msitu. Msitu hutaka alfajiri. Siku za bamvua, ukiingia msituni kunapokucha na kutoka saa tatu, unafika Watamu maji yakiwa yanamalizia kupwa. Ndiyo maana nasema ukichagua siku moja tu ya kufanya yote mawili, ichague kwa kalenda ya mwezi, sio kwa likizo yako. Tarehe kumi na nne hadi kumi na saba za mwezi wa Kiislamu, au siku tatu nne za kwanza. Kama Jumamosi haikuangukia hapo, subiri itakayoangukia.

Mara ya pili nilisubiri. Binamu yangu alikuwa amekuja kutoka Muheza, upande wa Tanga, na nilitaka aone kwetu. Tulikuwa watu wanne, pamoja na mama na mwanangu wa darasa la sita, na tukachukua mwongozaji wetu wenyewe kwa siku nzima.

Kumpata si kazi ngumu, ila usipitie kwa dalali wa ufuoni. Waongozaji wa msitu wana chama chao, na kituo cha msitu cha Gede, pale pale kwenye barabara ya Mombasa, ndiko pa kuwaulizia. Wengi ni wenyeji wa vijiji vya kando ya msitu, Wagiriama waliokulia humo. Zungumza na mtu mwenyewe atakayekwenda na wewe, kwa simu, kabla hujalipa hata shilingi. Mimi nilimuuliza wetu maswali mawili tu. La kwanza: siku hiyo maji yanapwa saa ngapi? Akajibu papo hapo, saa nne na dakika ishirini, na akaongeza kwamba ni lazima tuondoke Malindi baada tu ya sala ya alfajiri. La pili: bundi wadogo wanalala wapi wiki hii? Akasema kuna jozi aliyoiona juzi, lakini hawezi kuniahidi. Hapo nikajua nimepata mtu. Anayekuahidi mnyama anakuuzia maneno.

Kuhusu pesa, elewaneni mambo manne mbalimbali: ujira wa mwongozaji, gari na mafuta, ada za kuingia, na chakula. Ugomvi mwingi hutokana na neno “kila kitu”. Wetu alitutoza kwa kundi, si kwa kichwa, na tulipogawana wanne hatukuona uzito. Ada za hifadhi ya bahari hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwa hiyo maliza nyumbani penye mtandao mzuri.

Tulifika Gede bado kuna giza jembamba. Binamu yangu, ambaye kwao msitu wa Amani ni jirani, alisimama mlangoni mwa msitu akakanyaga majani makavu, akasikiliza, akaniambia, “Dadangu, huku kwenu majani yanalia. Kwetu hayalii, yamelala maji.”

Alisema kweli, na hili ni jambo la kujua kabla ya kwenda. Watu huuziwa Arabuko-Sokoke kama msitu wa mvua, wakaja kutafuta maporomoko na ukungu. Huu ni msitu mkavu wa pwani. Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Arabuko-Sokoke hupata kama 1,000 upande wa mashariki, na magharibi hushuka hadi 600. Lakini ndio msitu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki katika kipande kimoja, kilomita za mraba kama 420, na mwongozaji wetu alituonyesha kwamba ni misitu mitatu ndani ya mmoja, na kinachoitenga ni udongo. Mashariki, msitu mchanganyiko. Katikati, kwenye mchanga mweupe, miti ya mirihi iliyoachana, mwanga unapita kama kwenye shamba la minazi. Ukivuka kwenda udongo mwekundu, miti hujikaza, vichaka vinafungana, na joto linabadilika. Mwanangu aliuona mpaka ule kabla yangu. “Mama, ardhi imegeuka rangi.”

Sengi tulimsikia kabla ya kumwona. Ni mnyama mdogo, hamfikii panya buku kwa ukubwa, pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, na matako yake ni ya rangi ya dhahabu. Huyu wa matako ya dhahabu makazi yake makuu duniani ni msitu huu. Mwongozaji aliinua mkono, sote tukakauka, na majani upande wa kushoto yakafanya chakachaka, kimya, chakachaka. Kisha mmweko wa manjano, ameshapita. Wanaishi jozi kwa jozi, akatueleza kwa sauti ya chini, lakini kila mmoja hutafuta wadudu kivyake. Ukiwa kumi na wanne, mmoja atakohoa na mwingine atapokea simu. Mkiwa wanne mnaweza kunyamaza pamoja dakika tano, na katika dakika tano hizo ndipo ulipo msitu.

Bundi walikuwepo. Kwenye udongo mwekundu mwongozaji alituacha njiani, akaingia kichakani peke yake, akarudi baada ya kama dakika kumi akituita kwa kidole. Walikuwa wawili, kila mmoja mdogo wa kutosha kukaa kiganjani, wamebanana kwenye kijiti usawa wa kifua changu, mmoja wa kijivu na mwingine wa rangi ya kutu. Yule wa kutu alifungua jicho moja, la manjano, akatutazama, akalifunga. Mama alisema “Subhanallah” na hakusema tena neno mpaka tulipofika kwenye gari. Mwongozaji akatuambia kwamba bundi huyu, mbali na hapa, anajulikana pia chini ya milima ya Usambara. Binamu yangu alishika mdomo. Umri wake wote amekaa karibu naye, akaja kumwonea Kilifi.

Vaa viatu vya kufunga na suruali ndefu au soksi juu ya dera. Kuna kupe na siafu. Nguo za rangi ya udongo. Manukato yaache nyumbani, hata udi. Mvua ikiwa imenyesha kwa nguvu, muulize mwongozaji kama njia za udongo mwekundu zinapitika, maana gari dogo hukwama.

Watu wengi hubandika magofu ya Gede na nyumba ya vipepeo ya Kipepeo kwenye siku hii hii kwa sababu viko karibu. Ningekushauri usifanye hivyo. Gede ni mji mzima wa mawe uliohamwa karne ya 17, wenye misikiti na kasri. Unataka siku yake. Na Kipepeo, ambako tangu 1993 wakulima wa kando ya msitu wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, nje ya nchi, inakwenda vizuri na magofu. Ukivisukumiza hapa, maji yatakuwa yamerudi.

Saa nne kasorobo tulikuwa Watamu, na bahari ilikuwa imekwenda mbali. Ile miamba niliyoitazama kwa juu mwaka juzi, safari hii nilipita chini yake. Ni tumbawe la kale, lililoota bahari ilipokuwa juu zaidi ya ilivyo leo, miaka zaidi ya laki moja iliyopita, na mawimbi yameila miguuni hadi visiwa vidogo vimebaki kama uyoga, kichwa kipana na shingo nyembamba. Ukiinama unaona matumbawe yenyewe ndani ya jiwe, mistari na vijitobo kama yaliyokufa jana. Jiwe lake linakata kama msumeno. Usilipande na makubadhi, na usiliweke goti. Kwenye vidimbwi chunga wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi. Hifadhi hii na ya Malindi zilitengwa 1968. Simbi na makome hayaokotwi, na matumbawe hai hayakanyagwi. Mwanangu alitaka kuchukua kome moja tupu. Bibi yake alimwambia kuna kaa atakayelitafuta usiku kulifanya nyumba.

Na hapa ndipo mwongozaji alipostahili kila shilingi. Sisi tulikuwa tumezama kwenye mchanga na picha. Yeye alikuwa akitazama nyuma. Hatari ya ufuo huu haitoki mbele, kwenye mawimbi unayoyaona. Maji yakirudi hujaza kwanza vile vifereji vilivyo kati yako na nchi kavu, na unabaki kwenye fungu la mchanga huku umezungukwa. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji huja polepole, mtu akadhani ana wakati. Saa ya tatu na ya nne huja mbio. Alitupa saa moja kamili kutoka maji yalipokauka, akasema, “Bi mkubwa, twende.” Mama alikuwa ameshaanza kutembea. Walitazamana wakacheka. Ukiwa na watoto au wazee, sheria yako iwe hiyo: mwongozaji akisema twende, picha imekwisha.

Chakula tulikula Dabaso, kwenye mkahawa wa kikundi cha wanakijiji uliojengwa juu ya mikoko: sambusa za kaa, na hori ya Mida inajaa taratibu chini ya mbao. Ukiwa na nguvu bado, kuna daraja la kamba lipitalo kati ya mikoko ya Mida, na ada yake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya kando ya msitu na hori. Mimi nguvu sikuwa nazo. Mama alivuka na mjukuu wake.

Jambo la mwisho ni majira. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni safi na tulivu, na joto ni kali, kwa hiyo alfajiri haina mjadala. Masika epuka. Mto Sabaki huleta udongo wa bara ukaifanya bahari ya Malindi kuwa nyekundu. Kusi likivuma, mawimbi huwa makubwa na ufuo unaonekana mkali zaidi, wapo wanaoupenda hivyo; ila usiogelee penye miamba. Mimi nimeshapenda mwezi wa kumi, upepo ukiwa unageuka.

Binamu yangu amesharudi Muheza. Juzi alipiga simu, si kwangu, kwa mama: amepata mzee mmoja Amani anayejua bundi wale wanapolala upande wao, na anataka twende. Mama alimuuliza huko kuna bahari karibu. Akajibiwa ipo Tanga, mwendo wa gari. Akaniita nimletee kalenda.