Eti Wanajeshi wa Zamani wa Uingereza Walipigana Bure?

SWALI: Asalam aleykum ndugu mhariri. Mimi ni soja wa geti huku Nyali, usiku twapiga stori sana, juzi mwenzangu asema wale wanajeshi wa Uingereza wa enzi za mishale na mapanga walikuwa wakipigana bure tu, kisa wamwogopa mfalme. Mimi nkakataa. Nani mkweli?

JIBU: Waaleykum salam ndugu yangu. Mwambie mwenzio hiyo stori aiwache. Kwenye ile vita yao na Ufaransa, iloanza 1337 ikaja kwisha 1453, jeshi lilikuwa la kandarasi kabisa. Kapteni aandikiana na mfalme ataleta watu wangapi, wa silaha gani, kwa muda gani, na mshahara. Maneno yaandikwa mara mbili kwenye ngozi moja kisha yakatwa katikati meno-meno kama msumeno, kila mtu na kipande chake, siku ya ugomvi vyaunganishwa, meno yasipoingiana ujue kuna mtu kafoji. Wajanja wale!

Mpiga mishale alikuwa na peni 6 kwa siku, mwenye deraya kamili, yaani mavazi ya chuma, peni 12, na seremala huko kwao alikuwa akipata kama peni 4 au 5, kwa hivyo ukijua upinde una kazi ya maana. Halafu karani apanga watu mstari aita majina mmoja mmoja, kapteni asije akala mishahara ya wanajeshi hewa. Hayo hayakuanzia kwetu.

Shida ni kulipwa kwa wakati. 1415 mfalme Henry V pesa taslimu hazikumtosha ikabidi makapteni awape vito vyake rehani, na pale Calais, bandari ya Ufaransa iloshikwa na Waingereza, mishahara ilikawia mpaka 1454 wanajeshi wakagoma wakashika sufu ya matajiri. Wewe usijaribu hiyo hapo getini tafadhali.

Ndoto ya kila mmoja ilikuwa kushika mateka tajiri, kwao watoe pesa za kumkomboa, theluthi ampa kapteni, ilobaki yake. Lakini wengi hata hawakufika huko, pale Harfleur, mji wa Ufaransa walouzingira hiyo hiyo 1415, kuhara damu kuliwamaliza watu kabla ya vita kubwa ya Agincourt.

Na wako walohamia Normandy, huko Ufaransa, kabisa, wakaoa, wakapewa mashamba, 1450 Wafaransa wakaichukua yote, jamaa wakarudi Uingereza mikono mitupu, na NSSF ndo hakuna.