Nondo wa kijani ukutani: usimpe sukari

Mama, umesema ulimkuta asubuhi ukutani chini ya taa, kijani hafifu, mkubwa kama kiganja, ana mikia miwili mirefu, ukamwekea maji ya sukari. Kwa maelezo hayo, huyo ni nondo wa mwezi, Argema mimosae, mkaaji wa misitu kama miombo yetu hii ya Lubumbashi. Hakikisha hivi: kila bawa lina doa kama jicho, na ukingo wa mbele wa mabawa ya juu ni wa kijivu, kama umepakwa majivu. Papasi za kichwani zikiwa pana kama manyoya, ni dume.

Sukari yako haitamfaa. Akishakuwa nondo hali kitu. Alishiba alipokuwa kiwavi, na sasa ana siku chache tu za kutafuta mwenzi na kutaga. Haumi. (Na jirani anayesema katumwa na mchawi, muulize mbona vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, anavila, navyo ni watoto wa nondo wa ukoo huohuo!)

Zima taa usiku, ataondoka. Asipoondoka, mbebe kwa karatasi hadi mtini, usimshike mabawa. Ukikuta tawini kifuko cha rangi ya fedha chenye vitundu, kiache. Huenda mwingine yumo.