Heda (mabomba ya kutolea moshi yanayofungwa kwenye injini) za pikapu ya Chevrolet Silverado ya lita 5.3 kuvuja tena na tena

Kama gasketi ya tatu imeungua palepale kwenye silinda ileile, acha kununua gasketi: huenda flenji (bapa la heda linalobana kwenye injini) imepinda. Fungua heda, laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya flenji. Fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.2 ikipita chini ya rula, peleka heda ikasawazishwe kwa mashine. Kagua pia bolti ya nyuma kabisa, kwenye injini hizi ndiyo hupenda kukatika kichwa.

Funga gasketi ya chuma ya tabaka nyingi, bila silikoni, maana inaungua. Kaza injini ikiwa baridi, kutoka katikati kwenda pembeni: kwanza Nm (nyutoni-mita) 15, kisha 25. Usizidishe hata kidogo, hedi (kichwa cha injini) ni ya aluminiamu, meno ya bolti yatalika. Washa injini ipate moto, iache ipoe kabisa, ukaze tena. Bomba la chini linaloendeleza moshi kutoka kwenye heda lifungwe mwisho, lisivute heda.