Hisa isiyotoa gawio: faida yako unaipimaje?

Mkuu, umeuliza faida ya jumla inapimwaje kwa kampuni ambayo haijawahi kutoa gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa), na unahisi kuna kipande cha hesabu kinakosekana. Hakikosekani. Faida ya jumla ni kupanda kwa bei pamoja na gawio. Gawio likiwa sifuri, inabaki bei peke yake. Chukua thamani ya leo, toa pesa iliyokutoka mfukoni, kisha gawanya kwa pesa hiyohiyo. Kamisheni ya dalali nayo imo kwenye pesa iliyokutoka, usiisahau.

Tuseme ulinunua hisa 100 kwa dola 40 kila moja, na dalali akachukua dola 40. Umetoa 4,040. Miaka 4 baadaye hisa ni dola 64, kwa hiyo una 6,400. Faida ni 2,360, kama asilimia 58. Wengi wakifika hapa wanagawanya kwa 4 na kujitangazia asilimia 14.6 kwa mwaka. Sivyo, kwa sababu faida ya mwaka wa kwanza nayo huzaa miaka inayofuata. Gawanya 6,400 kwa 4,040, upate 1.584, halafu, kwa kuwa ni miaka 4, bonyeza kipeuo cha pili mara mbili kwenye kikokotoo. Inakuja 1.122, yaani asilimia 12.2 kwa mwaka.

Hiyo ni kwa aliyenunua mara moja. Mimi hununua kidogo kidogo, na asilimia inayoonyeshwa kwenye programu ya dalali wangu hainisaidii kitu: inalinganisha bei ya leo na wastani wa bei nilizonunulia, bila kujali pesa iliingia lini. Pesa ya mwezi jana na ya miaka mitano iliyopita zinahesabiwa sawa. Kwa hiyo naweka safu mbili kwenye Excel, moja ya tarehe na nyingine ya kiasi. Kila ununuzi naandika kwa alama ya kutoa, mstari wa mwisho naandika tarehe ya leo na thamani ya hisa zote, kisha naita fomula ya XIRR. Inaleta faida ya mwaka moja kwa moja. Isipokuwa kama umeanza juzi tu, basi iache kwanza. Kupanda kidogo ndani ya wiki mbili kutakuletea asilimia za ajabu.

Sasa idadi ya hisa, na hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Amazon iliingia sokoni 1997 kwa dola 18 na haijawahi kulipa gawio. Lakini imegawanya hisa zake: moja kuwa mbili mwaka 1998, kisha tatu na mbili tena mwaka 1999, na 20 mwaka 2022. Zidisha zote: hisa 1 ya mwanzo leo ni 240, na ile dola 18 ni sawa na senti 7.5 kwa hisa ya sasa. Ukilinganisha 18 na bei ya leo umejipunja vibaya sana. Tumia bei za zamani zilizorekebishwa kufuata migawanyo hiyo, au zidisha idadi ya hisa mwenyewe.

Kuna pia kampuni inayozaa kampuni. Julai 2015 mwenye hisa ya eBay alipewa hisa moja ya PayPal kwa kila moja aliyokuwa nayo, na bei ya eBay ikashuka kwa sababu hiyo. Gawio la pesa halikuwepo, lakini hizo PayPal ni mapato yako na lazima ziingie kwenye hesabu.

Ukitaka kujua kama umelishinda soko, angalia unajipima na nini. S&P 500 inayotajwa kwenye habari, yaani kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, haina gawio ndani yake; DAX, kipimo kama hicho cha Ujerumani kinachotajwa kila siku, inalo. Ukijilinganisha na ile ya kwanza unajipendelea. Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani ambayo chini ya Warren Buffett ililipa gawio mara moja tu, 1967, kwenye taarifa zake ilijipima na S&P 500 yenye gawio ndani. Nawe tafuta hiyo.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama uongeze kitu kwenye hesabu pale kampuni inaponunua hisa zake yenyewe: usiongeze chochote. Hisa zinazobaki zina sehemu kubwa zaidi ya kampuni, na hilo limeshaingia kwenye bei. Ukilijumlisha tena umehesabu mara mbili.