Notisi ya siku 20: usisubiri malipo yakwame

Ndugu fundi unayeanza kuchukua kazi chini ya wakandarasi wakuu hapa California, kabla hujafungua debe la kwanza la rangi, ulizia majina matatu: mwenye jengo, mkandarasi mkuu, na benki iliyokopesha ujenzi kama ipo. Hao ndio wa kupelekewa notisi ya awali ndani ya siku 20 tangu ulipoanza kazi au kuleta vifaa.

Sheria ya huku inampa fundi asiyelipwa haki ya kuandikisha deni lake juu ya jengo lenyewe, kwenye ofisi ya kaunti inayosajili hati za ardhi, na ikibidi mahakama iamuru jengo liuzwe ili alipwe. Kwako usiye na mkataba na mwenye jengo, hiyo ni kinga kubwa. Lakini bila notisi huipati.

Mimi niliielewa kwa hasara. Nilianza kupaka rangi nyumba ya ghorofa mbili tarehe 3 Mei. Mkandarasi alikuwa ananiita kaka, mchana tunakula pamoja, nikaona aibu kumpelekea karatasi ya kisheria, atasema simwamini. Juni ikaingia, malipo kila siku ni wiki ijayo. Nikatuma tarehe 28. Notisi iliyochelewa haifi, ila inarudi nyuma siku 20 tu: yangu ikashika kazi ya kuanzia tarehe 8 Juni. Kuta za ndani, dari, ngazi, na ujira wa vijana wawili niliowalipa kutoka mfukoni, vyote vya Mei, vikabaki nje. Mkandarasi bado nilikuwa namdai, lakini kwa kazi ile jengo halikuwa tena dhamana yangu.

Basi aibu iondoe. Notisi si mashtaka. Maneno yake mengi yamewekwa na sheria, nayo yanamwonya mwenye jengo kwamba hata akimlipa mkandarasi wake pesa zote, fundi wa chini asipolipwa, nyumba yake inaweza kuandikiwa deni. Mkandarasi mzoefu anaipokea na kuiweka kwenye faili. Mwenye jengo naye anapata kulijua jina lako, na anaweza kuuliza kama umelipwa kabla hajaandika hundi nyingine.

Andika makadirio ya bei ya kazi yote, si ya wiki ya kwanza. Peleka kwa barua ya kusajiliwa. Ujumbe wa WhatsApp hauhesabiki. Ile stakabadhi ya posta mimi naibana kwa stepla nyuma ya mkataba siku ileile, maana ndiyo ushahidi. Ukifanya kazi chini ya wakandarasi wadogo wawili kwenye jengo moja, tuma mbili. Kibarua wa kulipwa ujira hadaiwi notisi. Na kama huna leseni inayotakiwa kwa kazi hiyo, haki yenyewe huna, kwa hiyo anzia huko.

Baada ya jengo kukamilika una siku 90 za kuandikisha deni, lakini mwenye jengo akisajili taarifa ya ukamilishaji zinashuka hadi 30. Ukishaandikisha, fungua kesi ndani ya siku 90, la sivyo dai lako juu ya jengo linakufa.

Mkandarasi mkuu akisita kukupa majina, mwandikie kwa adabu siku hiyohiyo ya kwanza. Sheria inamtaka akupe jina na anwani ya mwenye jengo, na za benki pia.