Maswali ya Wasomaji: Sanduku la Umeme Lililoungua

SWALI: Mtaalamu wetu, natumaini hujambo. Ninaishi Tanga, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, na riziki yangu ni kuoka keki za kuagizwa na kuuza barafu. Kwa miezi miwili breka moja ya sanduku la umeme imekuwa ikijikata jioni, hasa oveni na jagi la kuchemshia maji vinapowaka pamoja, na wiki iliyopita plastiki yake iligeuka kahawia na kutoa harufu kama ya samaki aliyevunda. Fundi amesema breka hiyo ya ampea 20 ni ndogo, niweke ya ampea 40. Je, nimsikilize, au ninunue sanduku jipya?
Mama Mwokaji, Tanga

JIBU: Mama, breka ya ampea 40 usiikubali kabisa. Kazi ya breka ni kuulinda waya uliopita ukutani, na waya wa soketi katika nyumba zetu nyingi ni wa milimita za mraba 2.5, ambao unakwenda vizuri na breka ya ampea 20. Ukiiweka ya 40, waya huo utachemka ndani ya ukuta na darini bila breka kushtuka, na moto wa namna hiyo watu huugundua ukiwa umekwisha kushika mbao.

Tupige hesabu ya jioni zako. Oveni ya wati 3000 na jagi la wati 2000, ukigawanya kwa volti 230, vinavuta karibu ampea 22, na hapo hatujagusa friza wala pasi. Ni kweli, basi, kwamba mzigo umezidi. Hata hivyo, mzigo uliozidi kidogo hauwezi peke yake kuigeuza breka rangi. Kahawia hiyo na harufu hiyo ni dalili ya skrubu iliyolegea mahali waya unapoingia kwenye breka, au pale breka inaposhikana na ufito wa shaba unaozigawia breka zote umeme. Mahali palipolegea pana ukinzani, ukinzani huzaa joto, joto huitanua na kuilegeza zaidi shaba, na huko pwani hewa ya chumvi huongezea kutu ya kijani. Joto hilo hupenya hadi kwenye ubapa wa metali mbili ulio ndani ya breka, ikajikata mapema kuliko ilivyopangiwa. Breka yako imekuwa ikikuonya kwa miezi miwili, na ninasikitika kwamba aliyeitwa kuisikiliza alitaka kuinyamazisha.

Kwa leo, kama mkono wako ni mkavu na swichi kuu haina joto wala dalili ya kuyeyuka, izime, kisha usilifungue sanduku. Ukiona moshi au ukisikia mlio wa kukaanga, toka nje na wenzako na upige namba 114 ya Zimamoto. Maji yasimwagwe hapo. Kumbuka pia kwamba swichi kuu ikizimwa, nyaya zinazotoka kwenye mita ya LUKU kuja kwenye swichi hiyo bado zina umeme kamili. Ndiyo sababu fundi hapaswi kubadilisha sanduku kabla umeme haujakatwa upande wa mita, na lakiri ya mita haiguswi na mtu mwingine isipokuwa TANESCO wenyewe.

Kutengeneza au kubadilisha kutaamuliwa na ufito wa shaba. Ikiwa unang'aa, breka za jirani hazina doa na sanduku halijayeyuka, inatosha kubadilisha breka moja kwa nyingine ya ampea 20 ya aina ile ile, na kukata ncha ya waya iliyoungua mpaka ipatikane shaba safi. Ikiwa ufito umekuwa mweusi au wa zambarau, usitie kiraka: nunua sanduku zima. Kwa maelezo yako naona utaangukia huku. Chagua la chuma; Uingereza, ambako mfumo wetu wa soketi za pini tatu bapa ulitoka, tangu Januari 2016 kanuni zao zinataka sanduku jipya la nyumbani liwe la kitu kisichoungua. Liwe na nafasi mbili au tatu za ziada na swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Oveni ipewe breka yake na waya wake, wa milimita za mraba 4 au zaidi. Usipofanya hivyo, hata sanduku jipya litaelemewa kila jioni.

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, umwombe akuoneshe. Kabla hajaondoka, apime ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, apime pia ukinzani wa ganda la nyaya kwa mita ya volti 500, akuandikie majibu, na aandike mbele ya kila breka inalisha chumba gani.

SWALI: Sanduku letu lilibadilishwa mwezi uliopita. Sasa mvua ikinyesha swichi ya kinga inakata, na fundi anataka kuiondoa. Ni sawa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Si sawa. Sanduku la zamani halikuwa na swichi hiyo, kwa hiyo umeme ulikuwa ukivuja bila mtu kujua. Zima breka zote, washa swichi ya kinga, kisha washa breka moja moja mvua ikiwa inanyesha. Ile itakayoifanya swichi ya kinga ikate, nyaya au vifaa inavyolisha ndivyo vyenye kasoro. Mwambie fundi aanzie kwenye taa za nje, kengele ya geti na pampu ya kisima.