Kezilahabi: mshairi au mwanariwaya?

Dada, umeuliza mwanao wa kidato cha tano aandike kama Kezilahabi, mwandishi Mtanzania, ni mshairi au mwanariwaya, na kama kweli alihama nchi. Aandike vyote viwili, na ndiyo, alihama.

Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Riwaya ya Rosa Mistika ilitoka 1971, kisha 1974 ikaja Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Hapo wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, wakawaka! Nakala yangu niliipata sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandazwa juu ya turubai. Kurasa zimegeuka rangi ya chai, na aliyekuwa nayo kabla yangu kapigia mistari kwa penseli karibu kila shairi. Nilianza kuisoma ndani ya Coaster ya Tukuyu, nikapitiliza kituo.

Shahada ya uzamivu aliipata Wisconsin, Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu miaka ya 1990 akahamia Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki Januari 2020.

Hili mwanao alikazie: ugenini hakukiacha Kiswahili. Diwani yake ya tatu, Dhifa, ilitoka 2008, miaka mingi baada ya kuhama.